Umeme wa gari kuukuu: anzia kwenye fyuzi, usiishie hapo

Tangu nianze kushika tesa, kile kibisbisi chenye taa cha kupimia umeme, hapa Chake Chake, kauli mbili hazinipiti wiki. Ya kwanza: "Fundi, nimebadilisha fyuzi mara tatu, inaungua tu." Ya pili: "Fundi, fyuzi zote nzima, taa haziwaki." Mwenye kauli ya kwanza anaona fyuzi ndiyo mgonjwa. Mwenye ya pili, akishaiona fyuzi nzima, anafunga boksi anakwenda dukani: leo swichi, kesho rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), keshokutwa altaneta inayochaji betri. Wote wawili walifika pahala penyewe, ila wakaondoka mapema.

Nitakwenda kwa dalili, maana hakuna mtu anayeamka akasema rilei yangu imekufa. Anaamka honi haipigi. Ninaozungumza nao ni wenye gari za mtumba za Japani za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, pamoja na wachache waliobaki na Land Rover za kale. Gari mpya zenye kompyuta kila kona zina mambo yake, na mengi ya humo hayafai kuguswa kwa tesa.

Fyuzi inalinda nini hasa

Wengi wanadhani fyuzi inalinda redio au taa. Inalinda waya. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme kuliko uwezo wake hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na nyaya za jirani zilizofungwa fungu moja nazo huingia kwenye balaa. Fyuzi ni kipande dhaifu kilichowekwa njiani makusudi ili kikatike kabla ya waya. Kwa hiyo nambari iliyoandikwa juu yake aliyetengeneza gari ameichagua kwa kuuangalia unene wa waya. Ukitoa ya ampea 10 ukaweka ya 30, umeufanya waya wenyewe kuwa fyuzi.

Fyuzi za vijisu, zile za plastiki zenye miguu miwili bapa, zina rangi, na rangi hizo ni zilezile gari itoke nchi gani: 5 ni hudhurungi hafifu, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kuona ndani, 30 kijani. Zikishakaa kichwani, ukifungua boksi unamjua mara moja aliyekutangulia alikuwa mtu wa namna gani. Kijani kwenye tundu lililoandikwa 10, huyo alikuwa na haraka.

Land Rover za zamani zina mtego wake. Fyuzi zake za kioo za kampuni ya Lucas zilizoandikwa 35 haziwezi kubeba ampea 35 muda wote. Hiyo 35 ni kiwango cha kuungulia, na kazi yake ya kudumu ni ampea 17 hivi. Ukienda dukani ukanunua ya kioo inayohesabiwa kwa kazi ya kudumu, iliyoandikwa 35 hiyohiyo, umeweka fyuzi yenye nguvu mara mbili ya inayotakiwa, na nambari haitakwambia kitu.

Kisha ipo ile karatasi ya fedha ya pakti ya sigara, watu wanayoiweka pahala pa fyuzi. Mzee mmoja kaniletea gari, taa za ndani zinawaka na kuzimika zitakavyo. Nachomoa fyuzi, natoa kitu kimekunjwa kama sambusa, kimeungua pembe.

"Ami, hii kaweka nani?"

"Nimeinunua nayo hivyo hivyo, mwanangu."

Kapeti ya upande wa dereva nilipoinua, waya mwekundu ulikuwa umegeuka mweusi urefu wa mkono mzima, umegandana na mwenziwe. Kilichobaki kati ya gari ile na moto ni bahati tu.

Kupima, si kutazama

Tesa ni kile kibisbisi chenye globu ndogo ndani ya mpini, ncha kali mbele na waya wenye kibanio nyuma. Ni rahisi, na kwa kazi hii naipenda kuliko multimita, ile mita inayosoma volti kwa nambari, kwa sababu globu inavuta umeme kidogo. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba unaweza kuionesha multimita volti 12 kamili ukakudanganya. Ukipewa globu kubwa kidogo iuvute, unanyong'onyea hapo hapo.

Bana kibanio kwenye chuma kitupu cha bodi. Juu ya rangi hakifai. Gusa ncha kwenye chanya ya betri kwanza uone tesa yenyewe inawaka. Usiicheke hatua hii. Nimewahi kutafuta nusu saa nzima hitilafu ya gari, kumbe globu ya tesa imekatika.

Boksi la fyuzi aghalabu ni mawili: moja chini ya dashibodi upande wa dereva, jingine chini ya boneti karibu na betri. Kifuniko chake kina ramani, na ndani ya lile la boneti huwa kuna kibanio cheupe cha kuchomolea fyuzi, kama hakijapotea. Kwa kawaida kimepotea.

Juu ya kila fyuzi ya kisu kuna vitobo viwili vidogo vinavyoonesha chuma. Huhitaji kuichomoa. Fungua swichi ya ufunguo, washa na kifaa unachokitafuta, maana fyuzi nyingine zimewekwa baada ya swichi na hazipati umeme mpaka uwashe. Gusa kitobo kimoja, kisha cha pili.

Ikiwaka pande zote mbili, fyuzi nzima na umeme umeshapita. Tafuta mbele, kwenye swichi, kiungio, globu au ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka upande wowote, fyuzi haina kosa kwa sababu umeme haujafika kwake. Rudi nyuma kwenye fyuzi kuu, rilei au swichi ya ufunguo. Kwa mguso huo mmoja umeshaigawa gari nusu mbili na nusu moja umeitupa.

Jicho halitoshi. Kuna fyuzi zenye ufa mwembamba kama unywele kule uzi unapokutana na mguu. Ukiishika juani inaonekana nzima, gari ikitikisika inakata. Na zipo ambazo uzi ni mzima lakini miguu imeota ukungu wa kijani na haishiki.

Ukiona fungu la nyaya lililovikwa njano, lile la mifuko ya hewa ya usukani, usilitoboe wala usilipime kwa tesa. Nyaya za kompyuta ya injini nazo ziache. Na ukitaka kulifungua boksi lenyewe kuangalia nyuma, toa hasi ya betri kwanza kwa spana 10, uirudishe mwisho.

Vitu viwili vitatu vimekufa kwa pamoja

Hapa ndipo fyuzi inapostahiki kushukiwa. Vitu visivyohusiana vikifa siku moja, uliza vinakula sahani moja. Kwenye Toyota nyingi za umri huu, honi na taa za dharura ziko fyuzi moja, imeandikwa HAZ-HORN. Honi ikinyamaza, bonyeza taa za dharura. Zikiwaka, fyuzi umeshaivua hatiani bila kufungua kitu. Kaangalie honi yenyewe kule mbele ambako maji ya chumvi yanarukia. Fyuzi ya DOME ina taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Fyuzi ya kiwashio cha sigara mara nyingi inakula pamoja na redio, na siku hizi ndiyo inayoungua sana kwa sababu ya vichaji vya simu vya bei rahisi; kile kichuma cha mbele kinachomoka kinabaki ndani ya tundu, kinagusa ukuta, shoti.

GAUGE ikikatika, mita zinalala zote kwa pamoja, na kwa gari nyingi nilizozishika taa za rivasi nazo zinakwenda. Basi ukiona mita zimekufa wakati ulipotia rivasi, usihangaike na dashibodi. Nenda nyuma ukaangalie waya wa taa ya rivasi.

Halafu kuna hili linalowapandisha watu mori: gari ya gia otomatiki, injini inaunguruma vizuri, mkono wa gia umegoma kutoka P. Watu washaanza kuzungumza habari ya kushusha gia boksi. Mwambie mtu asimame nyuma, kanyaga breki. Taa za breki haziwaki? Basi ni fyuzi ya STOP, au ile swichi ndogo juu ya pedeli. Gari haipati habari kwamba umekanyaga breki, kwa hiyo haikuruhusu kutoka. Nyingi zina kidude cha kubonyeza karibu na mkono wa gia ili uondoke kwa dharura, lakini kumbuka unaondoka bila taa za breki, na mteremko wa kuingia Mkoani una gari nyuma yako.

Redio isiyoshika stesheni si habari ya fyuzi. Redio za Kijapani zimetengenezwa kwa FM ya 76 hadi 90, na stesheni zilizo juu ya 90 hazitazipata hata ukibadilisha fyuzi mpaka Idi. Ikiwaka na kuonesha nambari, umeme unao.

Kimoja tu kimekufa

Taa kubwa ya upande mmoja, indiketa ya kona moja, kioo cha mlango mmoja: anza na globu au kifaa chenyewe. Gari nyingi zina fyuzi ya kila taa kubwa peke yake, kwa hiyo ipime, lakini globu hufa mara nyingi zaidi. Indiketa ikianza kukimbia tiki-tiki-tiki upande mmoja, globu moja ya upande huo haivuti umeme. Ama imekatika ama kikalio chake kimeoza. Fyuzi haihusiki, kwani ingekatika pande zote mbili zingenyamaza.

Taa za nyuma zinachanganya mambo

Unakanyaga breki, indiketa inawaka hafifu. Unatia indiketa ya kulia, taa ndogo zote za upande huo zinapepesa nayo. Unawasha taa ndogo, ya kushoto inakuwa kama mshumaa unaomalizika. Fyuzi zote nzima.

Huo ni ugonjwa wa visiwani, na jina lake ni ethi. Umeme ukishapita kwenye globu lazima urudi kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni chuma cha bodi. Taa za kona moja hutumia waya mmoja wa kurudia, mweusi au mweupe wenye mstari mweusi, unaokwenda kufungwa kwa skrubu moja ndani ya buti. Skrubu ile ikishika kutu, umeme unakosa njia unatafuta nyingine: unapita kinyumenyume kwenye globu ya jirani. Ndipo breki inapowasha indiketa.

Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Gari inayolala Wesha au Nungwi haihitaji kuingia baharini ili ioze, upepo unatosha. Ukiongeza mvua za masika kuanzia Machi mpaka Mei, maji yanatuama ndani ya buti chini ya zulia, hapo hapo skrubu ilipo. Kwa makisio yangu, na ni makisio ya fundi tu, kati ya gari kumi za kuukuu zinazoletwa kwa "fyuzi", zaidi ya nusu ni ethi.

Namna ya kuhakikisha: multimita iweke kwenye volti za DC. Waya mweusi wake kwenye hasi ya betri, uurefushe ukipungukiwa. Mwekundu ugusishe chuma cha kikalio cha globu, upande wa ethi, huku taa imewashwa. Unatakiwa usome karibu na sifuri. Chini ya 0.2 ni salama. Ukisoma volti 1 au 2, hizo ni volti zinazopotelea kwenye kutu badala ya kuwasha taa.

Ukitaka jibu la haraka zaidi, chukua kipande cha waya, upande mmoja kwenye kikalio, mwingine kwenye chuma kitupu. Taa zikitulia, umemaliza kutafuta.

Kutengeneza ni kazi ya jasho, utaalamu wake mdogo. Fungua skrubu, piga msasa mpaka chuma king'are, piga msasa na kile kikombe cha shaba cha mwisho wa waya, funga tena kwa nguvu, kisha paka grisi juu. Grisi iwe baada ya kufunga, ili ifunike bila kuingia katikati. Waya ukiumenya ukakuta shaba imekuwa nyeusi ndani, usiukwangue; kata nyuma mpaka ufikie shaba nyekundu. Nimewahi kukata shibiri mbili nzima kabla sijaipata.

Fyuzi inaungua papo hapo kila ukiweka

Kabla ya kuichoma ya nne, itazame iliyokufa. Uzi umekatika katikati vizuri, dirisha safi: ilichoka, au umeme ulizidi kidogo kwa muda. Dirisha limeingia moshi, limepakwa kama fedha au masizi: hiyo ni shoti, waya mzima umekaa kwenye bodi.

Shoti haitafutwi kwa kuchoma fyuzi. Chukua globu ya breki ya wati 21, ungia nyaya mbili, na miguu yake tumia ya fyuzi iliyokufa. Ichomeke pale pahala pa fyuzi. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75 tu, kwa hiyo hata kama kuna shoti, hakuna waya utakaoungua. Globu ndiyo itakayobeba. Sasa toa globu zote za mzunguko ule, chomoa na vifaa vyake. Globu yako ikiendelea kuwaka kwa nguvu zote, kuna waya unagusa bodi. Kazi iliyobaki ni kutikisa, kuvuta na kuchomoa viungio kimoja kimoja huku macho kwenye globu. Itakapozimika au kupepesa, mkono wako uko juu ya hitilafu.

Kuna gari moja ya mlango wa nyuma wa kunyanyua, ilikuwa inachukua samaki alfajiri. Fyuzi ya TAIL, ya taa ndogo, inaungua, lakini haiungui kila siku. Mwenyewe kashabadilishiwa swichi ya taa, na kashauziwa taa mbili za nyuma. Nikatundika globu yangu ikaning'inia chini ya dashibodi, nikamwomba aanze kufungua vitu kimoja kimoja. Milango minne, kimya. Akaenda nyuma akaunyanyua mlango.

"Simama hapo hapo!"

Globu imewaka kama taa ya sebuleni. Akishusha, inazimika. Akifika nusu, inawaka. Pale juu kwenye bawaba kuna mpira wa mikunjo kama koo la kasa, nyaya zote za mlango wa nyuma zinapita ndani yake. Nikauchomoa. Ndani nyaya tano. Mbili zimevuka plastiki, shaba iko wazi, mmoja umekatika kabisa. Miaka ishirini na zaidi ya kukunjwa na kukunjuliwa pahala pamoja. Na maji ya barafu ya samaki yalikuwa yanateremkia humo humo.

Tuliunga zote tano, si zile tatu tu, maana zile mbili zilizobaki zilikuwa na umri uleule. Unganisha kwa kipande kipya cha waya mlaini, kirefu kidogo ili kiungio kikae nje ya mkunjo, lehemu kwa risasi, vika mpira wa kubana kwa moto. Tepu nyeusi peke yake kwa joto letu inalainika, inateleza, baada ya miezi unarudi.

Mwahala mwengine pa kuangalia haraka: kwenye bawaba ya mlango wa dereva; chini ya viti, ambako reli inakata waya; nyuma ya redio iliyofungwa na mtu aliyeziacha nyaya wazi; waya wa trela; na kila palipotobolewa bodi bila kutiwa mpira. Chini ya boneti panya naye ana sehemu yake, hasa gari ikikaa wiki mbili bila kutembea.

Inaungua, lakini baada ya muda

Fyuzi inayosubiri dakika mbili, au mpaka upige waipa, haina shoti ya waya. Kuna kitu kinavuta sana. Mota ikizuiliwa isizunguke huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Waipa zisiposugua kioo kwa miezi ya kiangazi, viungo vyake vya chini ya kioo vinashika kutu, na mvua ya kwanza ya vuli ndiyo inayokufichulia. Inyanyue mikono yake, fungua fundo la mota, uone kama viungo vinakwenda kwa mkono. Feni ya rejeta nayo izungushe kwa kidole injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Ikiwa nzito, fyuzi haina kosa.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Globu ya taa kubwa ya asili ni wati 60 kwa fuli. Mbili ni 120, gawa kwa 12, ampea 10. Kwenye gari ambayo zote mbili zinategemea fyuzi moja ya 15, ziko raha. Ukinunua zile za wati 100 ili uone mbele barabara ya Konde usiku, mbili ni 200, ni ampea karibu 17. Fyuzi ya 15 haitaungua pale pale, kwa sababu fyuzi huvumilia ziada ndogo kwa muda. Itaungua ukiwa njiani, kizani. Hapo mtu anaweka ya 30, na fyuzi inatulia kweli. Kinachoungua baada ya hapo ni swichi ya taa kwenye usukani. Kama unazitaka, waya mnene, rilei na fyuzi yake mpya moja kwa moja kutoka betri. La sivyo safisha vioo vya taa vilivyogeuka njano; utashangaa mwanga ulikuwapo siku zote.

Fyuzi nzima, mguu umeyeyuka

Hii watu hawaifahamu. Unachomoa fyuzi, uzi mzima, lakini plastiki upande mmoja imepikwa na tundu limekuwa kahawia. Umeme haukuzidi. Mguu haukushika vizuri. Tuseme kwenye huo mguso mbovu kuna ukinzani wa omu 0.1, na zinapita ampea 15. Ampea mara ampea mara ukinzani: wati 22.5. Ni joto la globu nzima ya breki, ndani ya kitundu kisichoingia hata ncha ya kidole. Fyuzi inakatika kwa umeme kupita kiasi. Haijui kwamba nyumba yake inaungua.

Fyuzi mpya peke yake haiponyi. Vile vibanio vya ndani vimeshapoteza ukakamavu, vinahitaji kubadilishwa, na kama boksi limeharibika, kata waya huo uutolee kishikio cha fyuzi cha peke yake pembeni. Ukikuta ungaunga wa kijani, betri itoe kwanza, sugua kwa brashi ngumu, pulizia dawa ya kusafishia viungio.

Gari nzima kimya

Ufunguo unageuza, hata taa ya dashibodi haipo. Usianze na fyuzi ndogo. Shika vichwa vya betri uvizungushe kwa mkono, kikizunguka, umeipata. Ungaunga mweupe mwagia maji ya moto, sugua, funga, paka vaselini. Pima betri: gari ikiwa imelala, 12.6 ni imejaa, 12.2 ni nusu, 11.9 ni tupu. Ikiwa nzuri na vichwa vimeshika, ndipo uende kwenye fyuzi kuu, ile kubwa iliyo karibu na chanya. Hiyo hukatika zaidi mtu anapopishanisha nyaya za betri chanya na hasi wakati wa kuamshana kwa betri ya gari nyingine. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.4.

Betri inakufa gari ikilala

Kuna kitu kinakunywa usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua hasi ya betri, na kati ya kichwa cha betri na waya weka multimita, kwenye tundu lake la ampea 10. Subiri dakika chache. Gari ya umri huu ikisoma chini ya ampea 0.05, ni saa na kumbukumbu ya redio tu. Usijaribu kuwasha gari wala kufungua swichi mita ikiwa njiani. Nayo ina fyuzi yake ndani, na si rahisi kuipata Pemba.

Ukisoma 0.4, tuseme, chomoa fyuzi moja baada ya moja huku ukiangalia nambari. Itakaposhuka, umeshika mzunguko wenye mwizi. Ampea 0.4 ni globu moja ya wati 5. Kwa saa 24 inakunywa karibu ampea-saa 10, na betri ya 45 iliyozeeka haitafika siku ya tatu. Ukikuta ni DOME ndiyo iliyoshusha nambari, globu ya wati 5 iliyojificha huwa ni ya buti, swichi yake imekwama. Hutaiona, kwa sababu ukifungua buti uitazame inatakiwa iwake. Washa video kwenye simu, iweke ndani ya buti ikitazama juu, funga, hesabu mpaka kumi, fungua. Kisha kaa kivulini uitazame hiyo video.